Chuma Kinapochuma

Husema waliobobea katika sarufi kuwa Kiingereza ni lugha isiyo na haya, maana neno lake moja hulala likiwa kitendo likaamka jina pasipo kubadili hata kanzu; na shahidi wa kutosha ni “pluck”, lililopanda vilima vya Kericho na Bomet pamoja na mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920, ambalo likiwa kitendo ni kuchuma, likiwa jina ni ushujaa, na kwa wauza nyama wa Uingereza ni moyo, ini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa. Mabwana wa mashamba, walipomtwika mchumaji kikapu na kumdai majani mawili na chipukizi lake, hiyo maana ya pili hawakuitia katika hesabu ya ujira.

Lakini sisi wenye ngeli tusicheke upesi. “Chuma” tunalo: kitendo cha mkono, na jina la madini, wala hapana aliyedhani kuwa majirani hao wa kamusi wangegombea kibarua kimoja. Ikaletwa mitambo ya kuvunia chai, chuma kikaanza kuchuma, na aliyezoea kuchuma akaambiwa arejee kwao akapumzike, rehema ambayo hakuiomba.

Mwezi wa Mei 2023, huko Kericho, baadhi ya mitambo hiyo ilitiwa moto. Wenye mali wakalia uharibifu, vibarua wakalia riziki. Na sarufi, ambayo haialikwi kwenye vikao vya suluhu, ikaona irabu moja tu imebadilika: kilichochuma kimechomwa.