Jinsi ya Kumhamisha Babu Bila Kumwacha Njiani

Ukoo wa Nzega ukitaka kuhamia mtandaoni, usianze na kompyuta. Anza na bibi, tena umwamkie kwanza. Mashine ukiizima leo utaiwasha kesho. Bibi akiondoka na majina yake, hakuna kitufe cha kuyarudisha. Rekodi sauti yake, mwache azungumze mpaka achoke yeye, si wewe.

Kisha ingia kwenye programu. Gramps ni ya bure na haihitaji bando. Ukitaka ndugu wa Dar es Salaam na wa Muscat wauone mti wa ukoo, utauhamishia kwenye huduma kama MyHeritage au Ancestry, na chombo cha kuhamishia ni faili la GEDCOM, lililobuniwa miaka ya 1980 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ni maandishi matupu. Hata programu ya kawaida ya kuandikia inalifungua. Lifungue, usiliogope.

Faili hilo lilitungwa na watu ambao jina lao la ukoo halibadiliki tangu babu wa babu. Sasa lipe jina la Shija Masanja Mabula. Litamkata na kumweka mikwaju: Shija Masanja /Mabula/. Mwanawe atakuwa wa ukoo wa Masanja, mjukuu wa ukoo wa Shija, na huduma itakuonya kwamba familia hii ina kasoro, huku ikikuletea kila Mabula wa Usukumani ikidai ni ndugu yako. Kasoro haipo. Acha nafasi ya jina la ukoo wazi, au kaeni kikao mkubaliane jina moja la kuwabeba wote. Gramps inakuruhusu kueleza kuwa jina la mwisho ni la baba au babu. Itumie nafasi hiyo.

Na Shija usimpite haraka. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, Shija ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha, Kulwa na Doto; anayemfuata ni Kashindye. Kama mti wako una Shija lakini hauna mapacha, rudi kwa bibi. Huenda walifariki wachanga na tangu hapo hakuna aliyewauliza. Waandike, kila mmoja na nafasi yake, hata bila tarehe. Kwangu mimi, hao wawili wanatosha kuhalalisha kazi nzima.

Tarehe nazo zina visa vyake. Bibi atakwambia baba yake alizaliwa Wabelgiji walipoingia Tabora, yaani Septemba 1916. Kuna programu zitakazoikataa sentensi hiyo, na kuna watu watakaochoka na kuandika 1 Januari 1916, siku ambayo Tabora ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Andika hivi:

2 DATE INT 1916 (Wabelgiji walipoingia Tabora)

Mwaka unasomwa na mashine, mabano yanasomwa na wajukuu. Toleo la 7 la GEDCOM, la mwaka 2021, lina nafasi rasmi ya maneno kama hayo.

Majina mengi si tatizo. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alizaliwa akiitwa Mtyela Kasanda. Na wako wapagazi waliofika Bagamoyo na pembe wakarudi na jina la safari. Baadaye watoto wao wakaongeza la ubatizo au la Kiislamu. Kila jina lipe mstari wake. Tanguliza lile aliloitwa nyumbani, kwa sababu huduma nyingi huonyesha la kwanza tu.

Wake wawili au watatu? Faili linawabeba bila shida: kila ndoa inapata kumbukumbu yake, mume ni yuleyule, na watoto wanakaa kwa mama yao. Lisilolibeba ni mahari. Kwa mila ya Kinyamwezi, mahari isipolipwa mtoto aliweza kuhesabiwa wa upande wa mama, na katika tawala kadhaa utemi ulikwenda kwa mtoto wa dada. Mchoro hautaonyesha hilo kamwe. Liandike kwenye maelezo, mstari wa NOTE. Na ukitajiwa baba, uliza: mkubwa, mdogo, au mzazi?

Kabla ya kupakia, mtangaze marehemu kuwa marehemu. Mtu asiye na tarehe ya kufa, huduma inaweza kumdhania yu hai ikamficha, na pagazi wa karne ya 19 akafungiwa ndani na vitukuu wake. Mstari wa 1 DEAT Y unatosha kumfungulia. Walio hai nao waombe ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Picha na sauti ya bibi hazisafiri ndani ya faili la GEDCOM la toleo la 5.5.1; linabeba anwani tu ya mahali zilipo kwenye kompyuta yako. Zipakie mwenyewe. Na usipakie faili mara ya pili kwa ajili ya kusahihisha jina moja: utapata mti wa pili, si mti uliosahihishwa.

Mwisho, pakua nakala kutoka huko mtandaoni, uifungue na utafute Kulwa, Doto, mahari, Wabelgiji. Kimoja kikikosekana, mti wa zamani usiufute.