Seva Iliyofufuka

Jirani yangu hapa Rinkeby, Uswidi, mama wa Kimombasa, anatumia Linux bila kuulizwa. Mwanawe aliiweka kwenye kompyuta kuukuu, akahamia Malmö, na tangu hapo kila ukurasa hufunguka kwa kinyongo.

“Mwanangu, hii intaneti ina nini?”

Nikafungua faili la resolv.conf, lenye orodha ya seva za majina, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Linux husoma tatu tu. Ya nne ukiiandika, umejiandikia. Ya kwanza ilikuwa kisanduku cha yule kijana, kimezimwa kabatini. Kompyuta hukibishia hodi, husubiri sekunde 5, ndipo huenda kwa ya pili. Likija jina jingine, huanza tena palepale kwa marehemu. Na ukurasa mmoja wa gazeti siku hizi huita majina chungu nzima, mengi ya watangazaji.

Nikiwa bado naeleza, mama alikwisha kukichomeka.

Kikaamka. Majibu sasa yakaja papo hapo: jina hilo halipo. Taifa Leo haipo, benki haipo. Kilijua printa na televisheni ya nyumbani, basi. Mengine yote kikayakana. Kwa kompyuta, “halipo” ni jibu kamili. Seva ya pili huulizwa ya kwanza ikinyamaza au ikikiri imeshindwa, si ikidanganya.

“Afadhali kilipokuwa maiti,” mama akasema. “Kimefufuka kuja kudanganya!”

Nikamwambia yaliwakuta hata wenye nchi. Usiku wa 12 Oktoba 2009, programu inayotayarisha orodha ya majina yote ya .se, mkia wa tovuti za Uswidi, iliacha nukta ya mwisho, ile inayosema jina limekwisha. Bila nukta hiyo, seva hujazia .se nyingine. Majina kama laki 9 yakapotea, na seva zote zilikuwa nzima, zinajibu kwa adabu. Kosa lilisahihishwa usiku uleule, ila seva zilizokwisha kukariri upuuzi ziliendelea kuurudia.

“Nukta?”

“Nukta, mama.”

“Na hawa ndio hunirudishia fomu kwa kukosa tarehe!”

Nikaufuta mstari wa kwanza. Mambo yakanyooka, mpaka alipoizima kompyuta na kuiwasha: NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao iliyoachiwa maagizo na kijana, ikauandika upya. Nikashika simu niite Malmö. Mama hakusubiri. Akachomoa waya wa kisanduku, akachomeka pasi.

“Kilale. Hizo sekunde 5 nitavuta uradi.”