Barua ya wazi kwa Ndugu Mtendaji wa Kijiji

YAH: PONGEZI ZA DHATI KUHUSU BAJETI YA SHULE YETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi mwenye watoto katika shule yetu ya msingi, na ninakuandikia kukupongeza. Juzi mgambo walifika nyumbani kuchukua mchango wangu wa hiari. Walikuwa na orodha, walikuwa na fimbo, na walikuwa na haraka. Jirani yangu, ambaye hiari yake ilikuwa haijaiva, aliachia jogoo. Nasikia jogoo huyo yuko ofisini kwako kama dhamana. Naomba alishwe, maana alitoka kwao ana afya.

Kuna wakorofi wanaouliza kwa nini tuchange ilhali elimu ni bila ada tangu mwaka 2016. Hao nimewanyamazisha kwa hesabu. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 zinabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazoshuka shuleni. Gawanya kwa miezi 12 upate shilingi 500 kwa mwezi: hapo kuna chaki, ukarabati, karatasi za mitihani na mpira wa mapumziko. Chakula cha mchana kwa watoto wa kutwa, waraka wenyewe wa elimu bila ada uliwaachia wazazi. Anayedhani shule itajiendesha kwa mia tano ya kila mtoto hajawahi kununua boksi la chaki. Kuchanga ni lazima tuchange, hilo halina ubishi.

Pongezi zangu hasa ni za mkutano mkuu wa kijiji. Taarifa ya mapato na matumizi uliisoma mwisho kabisa, baada ya ajenda ya mifugo inayozurura, wingu likiwa limeshatanda na watu wameanza kukunja kanga zao. Mimi niliambulia maneno matatu: saruji, posho na mengineyo. Hayo mengineyo yalikuwa na tarakimu nyingi kuliko saruji. Mzee mmoja aliponyoosha mkono, ulimkumbusha kuwa maendeleo hayasubiri maswali, ukatushukuru kwa ushirikiano, ukafunga.

Na boma letu la darasa, Ndugu Mtendaji! Tulisomba mchanga, kina mama wakabeba maji, fundi tukamlipa, tukalifikisha kwenye lenta kama tulivyoagizwa ili halmashauri ipaue. Huu ni msimu wa tatu wa mvua. Mbuzi wamelikubali. Pale mwalimu alipopaswa kusimama umeota mpapai, na mwaka huu umezaa. Sasa tunatakiwa kuchangia boma la pili, na sina pingamizi, maana mbuzi nao wanaongezeka.

Unasema wananchi wa hapa ni wagumu. Hao hao wagumu wanachangia harusi bila kufuatwa na mgambo. Kila kikao mweka hazina anasimama na daftari: nani katoa, nani kaahidi, turubai limelipiwa, kreti za soda bado. Akikosea elfu tano, ukumbi mzima unamrekebisha. Ndiyo maana kikao kinachofuata watu wanarudi, na fedha wanakuja nazo.

Shule ina ubao wa matangazo. Hivi sasa umebeba tangazo la chanjo ya mbwa la mwaka juzi, na nina hakika mbwa waliokusudiwa wamekwisha kulisoma. Hapo pana nafasi ya ukurasa mmoja: ruzuku iliyoingia, mchango wa kila kitongoji, kilichonunuliwa, aliyelipwa, kilichobaki. Na hayo mengineyo yaandikwe kwa majina yake. Mwandiko wa mkono unatosha.

Ubandike Ijumaa, ukiwa na muhuri wako na sahihi ya mwenyekiti wa kamati ya shule. Jumamosi njoo mwenyewe na kitabu cha risiti. Utatukuta nyumbani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi