Bure Bilashi

Miongoni mwa watu wote niliopata kuwahudumia kwa elimu yangu haba ya kompyuta, hapana aliyenitoa jasho kama ami yangu, karani mstaafu mjini Tanga, mwenye itikadi thabiti kwamba kitu kisicho bei ama kimeibwa ama kina jini. Filamu ya harusi ya bintiye ilipokataa kufunguka, ilhali wageni wamekwisha keti na kahawa imekwisha miminwa, nilimwekea VLC, programu iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, nayo hucheza takriban kila aina ya faili pasina kudai senti. Lakini kabla bibi harusi hajaonekana, ikazuka kiooni alama yake mashuhuri, ile koni ya barabarani ya rangi ya chungwa, naye ami, aliyetii alama za barabarani umri wake wote, akainua mkono na kuamuru asiguse mtu kitu mpaka mafundi wamalize ukarabati.

Nikamweleza kwa taadhima kuwa koni ile ni ukumbusho wa koni walizokuwa wakizikusanya wanafunzi wale.

"Walizikusanya wapi?"

"Barabarani, ami."

"Basi ni za wizi. Nilijua."

Haikufaa kitu kumwambia kwamba tangu mwaka 2001 leseni ya programu ile humruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na hata kuirekebisha. Tena Krismasi ilipokaribia, koni ikajivika yenyewe kofia nyekundu, kama ifanyavyo kila mwaka, na hapo suala la jini nalo likawa limekatwa hukumu.

Kwa LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka iliyozaliwa mwaka 2010 baada ya watengenezaji wake kufarakana na wenye OpenOffice.org, alikuwa mpole kidogo, maana nilimsimulia kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha toa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na chombo kinachoweza kukaripiwa kikaelewa, kwa rai yake, kina nusu ya adabu. Akaandika humo barua ya malalamiko, nzuri mno, yenye "taadhima" nne, akaituma katika ofisi fulani; huko ikafunguliwa kwa programu nyingine, mistari ikasukumana, na sahihi yake ikahamia peke yake ukurasa wa pili. Wasiowahi kuwa makarani watacheka. Ami hakulala: sahihi chini ya karatasi tupu ni deni linalosubiri kuandikwa.

Dawa yake ilikuwa kitufe kimoja tu cha PDF, kigeuzacho waraka ukaganda ulivyo, usitikisike popote ufunguliwapo. Tukaituma upya. Ofisi ikajibu kwa upesi usio wa kawaida kwamba barua imepokewa, tafadhali iletwe kwa mkono, nakala tatu, zenye sahihi ya wino.

"Hao," alisema ami, akivaa kofia yake kwa furaha, "ndio watu wanaojua kazi."