Simba Kajifungua Tena

Jua linawaka, mvua inanyesha, na bibi, bila hata kuinua macho kwenye ungo wa mchele, anatangaza: "Simba anazaa." Muulize nani alimwona. Utaambiwa watoto wa siku hizi mna maswali mengi.

Vuka Namanga uingie Kenya, uzazi umehamia kwa fisi. Familia zilizooana kuvuka mpaka zinaujua ugomvi wake: mjomba wa Arusha anamtetea simba utadhani alikuwa mkunga wake, shemeji wa Nyeri hataki kusikia. Afrika Kusini hakuna anayezaa, tumbili wanafunga ndoa. Japani harusi ni ya mbweha, na mwongozaji filamu Kurosawa akaifungulia filamu yake ya mwaka 1990. Kusini mwa Marekani ndiko kwenye balaa: eti shetani anampiga mkewe.

Mfini mmoja, Matti Kuusi, alikusanya misemo hii kutoka pande nyingi za dunia, na mwaka 1957 akaitolea kitabu kizima. Masikini, si angekuja tu kwenye kikao cha ukoo wetu! Hapa chanzo cha kila msemo kinajulikana, tena kila mzee na chake.

Simba mwenyewe hubeba mimba kama siku 110 na huzaa mwezi wowote, kiangazi au masika, kajificha kichakani peke yake. Hata dume haarifiwi. Sasa mjomba, kabla hujatusimulia tena asili ya msemo, tutajie kwanza jina la mtoto.