Shangazi Yupo Kihesa

Joto la Ruaha Mbuyuni halina adabu. Unateremka kutoka Mikumi ukiwa mtu mzima na heshima zako, shati limepigwa pasi, na kabla hujafika darajani umeshavua viatu, unajipepea kwa gazeti na unamchukia kila aliyemo garini. Ni bonde. Milima ya Udzungwa imekaa pembeni, mto Ruaha Mkuu unapita katikati, na mibuyu imejaa kila upande bila jani hata moja, kwa kuwa mwezi wa kumi mbuyu hauna mpango wa kumpa mtu kivuli. Na ubaya wa joto lile ni kwamba si la lazima. Ukikaza roho saa mbili hivi, ukapanda Kitonga, ukaipita Ilula na nyanya zake, unaingia Iringa mjini, ambako watu wanavaa sweta mchana kweupe na ambako shangazi wa mke wangu ana nyumba Kihesa, yenye chumba cha wageni.

Shemeji akasema tulale bondeni.

Huyu ni kaka wa mke wangu, anaishi Phoenix, huko Arizona, na likizo ya safari hii hakuja mikono mitupu. Aliagiza kutoka Japani gari la mtumba lenye nyumba ndani: kitanda, jiko, sinki, meza ya kukunja, kiyoyozi, mikrowevu, na kijichumba ambacho ukisimama ni bafu na ukikaa ni choo. Ushuru aliolipa bandarini sitautaja, kwani safu hii inasomwa na watu wenye presha. Mpango ulikuwa atupeleke mpaka Mbeya, tukilala njiani. Tangu Chalinze akawa ananihubiria habari za Quartzsite.

Quartzsite ni kijiji cha jangwani, kama kilomita 200 magharibi mwa Phoenix. Kila majira ya baridi wazee wa Marekani na Kanada wanahamia huko kwa malaki, na magari yao ya kulala. Serikali imewatengea eneo la jangwa, na kwa dola 180 mtu anaruhusiwa kukaa tangu katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili. Umeme hana, kivuli hana, jirani yake ni mdungusi. Nikamuuliza sasa wanalipia nini.

"Nafasi, shem. Nafasi na ukimya."

Nafasi na ukimya! Kijijini kwetu vipo bure, na vijana wanavikimbia kila siku kwa basi la alfajiri.

Kambi yenyewe ilikuwa upande wa mto, umeacha lami na kufuata njia ya vumbi ambayo vyombo vyote vya ile nyumba viliipigia makofi. Jina lake nalihifadhi. Tulilipa kwa kila kichwa, na gari nalo likalipiwa kichwa chake. Kwa pesa hiyo tulipewa mbuyu wa kuegesha chini yake, choo cha shimo, bafu la matete lenye ndoo ya kuning'inia, na kijana aliyetuonyesha kwa fahari pipa linalochemshwa kwa kuni ili mgeni apate maji ya moto. Maji ya moto. Ruaha Mbuyuni. Mwezi wa kumi. Nilimtazama nikidhani ananitania.

Mimi nakaa Tabata. Kulala bila umeme, kuoga kwa kopo na kusikiliza jenereta la jirani nimefanya miaka yote, na hakuna aliyewahi kunikatia risiti.

Shemeji akavuta waya mrefu wa njano, akauchomeka kwenye soketi ya kambi, ambayo hupata umeme jenereta linapowashwa magharibi hadi saa nne usiku. Lile gari limezaliwa Japani, na nyumba za Japani zinatumia umeme wa volti 100. Wetu ni 230. Shemeji ni mtu wa kompyuta, lakini nadhani kompyuta hizo ni za aina nyingine, maana mikrowevu ilikohoa mara moja, ikatoa harufu ya kandambili iliyochomwa, na kiyoyozi kikaifuata kuzimu bila hata kuaga. Akafungua paneli, akachungulia, akafunga. "Tutapikia gesi," akasema. Mtungi wetu wa kilo 6 tulionunua Morogoro ukakataa kuingia kwenye mpira wa Kijapani, upande huu wala upande ule. Basi mke wangu akatuma kijana barabarani akanunue jiko la mkaa. Akapika ugali nje, ameketi juu ya ndoo, moshi machoni, na nyuma ya mgongo wake lipo jiko zima la chuma kinachong'aa ambalo lilivuka bahari kuja kumtazama.

Mlinzi wa kambi alikuwa mzee wa Kihehe mwenye koti zito la baridi, amelifunga vifungo vyote. Wewe unayeyuka, yeye amefunga vifungo. Nikamwamkia shikamoo, mke wangu akamwongezea "kamwene", na hapo tukawa watu wa nyumbani. Akavuta kigogo akakaa nasi. Shemeji, katika kutafuta mazungumzo, akasema amependa sana hili jangwa.

"Jangwa lipo wapi?" mzee akauliza.

"Hapa, mzee."

Mzee akageuka nyuma kuangalia kama kuna mahali pengine panapoitwa hapa. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo, kwenye mifereji, ambako vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinamwagiliwa, vile vinavyoning'inizwa kwenye nyavu kando ya lami na kuingizwa dirishani mwa kila basi linalopunguza mwendo. "Jangwani panaota vitunguu?" Shemeji akanyamaza. Alikuwa amekula vitatu, vibichi, na kachumbari.

Hatukuwa peke yetu. Upande wa pili wa mbuyu palikuwa na wazee wawili wa Kijerumani, mume na mke, wenye lori refu la kulala. Walikuwa wametoka Cape Town wakielekea Cairo. Hao ndio wanaoijua kazi. Walikula mapema, wakaosha sahani mbili, wakaanika soksi kwa mpangilio wa jozi, wakakaa kwenye viti vya kukunja kutazama jua likizama bila kusemezana. Mlinzi aliwatazama muda mrefu, uso umemjaa huruma.

"Hawa watoto wao wako wapi?" akaninong'oneza.

Nikamwambia huenda wako kwao Ujerumani, wana kazi zao.

"Na wamewaacha wazee watangetange hivi?" Akatikisa kichwa. Akakaa kidogo, akanigeukia mimi. "Nyie mnaelekea wapi?"

"Iringa, halafu Mbeya."

"Iringa mna mtu?"

Nikasema yupo shangazi, Kihesa. Mzee hakujibu. Akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akamwangalia mke wangu na macho yake mekundu ya moshi, akainuka kwenda kuzunguka kambi. Ukimya ule ulinisema kuliko mkutano wa ukoo.

Na hapa ndipo palipo na malalamiko yangu hasa, mengine ni ya kupunguza hasira. Gari la namna hii lilibuniwa kwa ajili ya mtu asiye na wa kumgongea mlango. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya ina ndugu kila kituo. Morogoro kuna binamu, Mikumi kuna mtu uliyesoma naye, Iringa shangazi, Mafinga mkwe wa dada, Makambako yule ambaye hamkumbuki mmekuwaje ndugu lakini ni ndugu. Kila mmoja ana godoro, ana kuku ambaye siku zake zinahesabika, na ana maswali kuhusu mshahara wako. Ndiyo, wanachosha. Utaulizwa kwa nini umekonda, na kama umenenepa utaulizwa pia. Lakini choo chao hukibebi wewe. Cha shemeji kina tangi dogo chini, linachomolewa kwa mkono likamwagwe, na aliponiambia kwamba Wamarekani wanapeana zamu, nilimwambia mimi ni Mtanzania.

Ukimya tulioulipia haukufika. Malori yaliyokwisha kushuka Kitonga, yametoka Zambia na Kongo na shaba, yanapita pale usiku kucha yakifunga breki za injini kwa mngurumo unaotikisa vijiko ndani ya droo. Yakipumzika malori, anaanza komba juu ya mbuyu, na komba akilia unaweza kuapa kuna mtoto ametupwa. Mzee alikuwa ametuonya tusisogelee mto baada ya giza, kwa sababu viboko hutoka kula majani, na mamba wao hawana saa maalumu. Hata mto wenyewe si wa kuuamini, akasema, unaweza kulala uko chini ukaamka umepanda bila tone la mvua. Ni kweli: maji yale yanaachiliwa kutoka bwawa la Mtera huko juu, yakishazungusha mitambo ya megawati 80, yanapita hapo Mbuyuni, yanashuka hadi Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Katikati ya umeme wote huo, saa nne na dakika moja, jenereta lilizimwa na tukabaki gizani na mikrowevu yetu marehemu.

Ndani hapakulalika. Bati lilikuwa limemeza jua mchana kutwa na sasa lilikuwa linarudisha chenji. Mke wangu peke yake ndiye aliyestahimili. Sisi wanaume tukatoka na mkeka. Shemeji, kunituliza, akanisimulia habari za Haji Ali, mtu wa dola ya Uthmaniya aliyefika Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la nchi hiyo. Jeshi lilipochoka na ngamia, yeye akabaki jangwani mpaka akafa 1902, na kaburi lake liko hapo hapo Quartzsite, limejengewa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Habari nzuri, naikubali. Nikamkumbusha tu kwamba Haji Ali hakubeba choo.

Baadaye, mbu walipokuwa wametuzoea, akaongeza jambo kwa sauti ya chini. Si wazee wote wa Quartzsite wanaokwenda kuota jua. Wengine walipoteza nyumba au akiba katika mtikisiko wa uchumi wa 2008, wakahamia garini moja kwa moja, wakawa wanafuata vibarua vya msimu, leo kufungasha mizigo kwenye ghala, kesho kulinda kambi. Mwandishi Jessica Bruder aliandika kitabu juu yao mwaka 2017, Nomadland, kikatengenezwa filamu. "Kodi ya nyumba kule, shem," akasema, "wee acha tu." Kisha akasinzia, au akajifanya.

Alfajiri tuliamshwa na nyani aliyeondoka na mkate wetu wote, na dakika chache baadaye na simu. Pale porini, mbali na dunia, mtandao ulikuwa umejaa mistari yote. Usiku mke wangu alikuwa ameweka picha ya gari chini ya mbuyu kwenye status ya WhatsApp. Shangazi ni wa kwanza kufungua status katika mkoa mzima wa Iringa.

"Mwanangu," sauti ilitoka kwenye simu bila kupiga kelele, na hiyo ndiyo hatari yake, "nimewakosea nini?"

Mke wangu akaanza kueleza habari za likizo.

"Kuku nilimchinja jana. Kitanda nimetandika. Nasikia mmelala porini na wazungu."

Shemeji, ambaye anajadiliana na mabosi wa Kimarekani kwa Kiingereza cha puani, alipokea simu kwa mikono miwili. Ndiyo shangazi. Hapana shangazi. Gunia la vitunguu, ndiyo shangazi. Tukafungasha bila kunywa chai. Vitunguu vilinunuliwa lumbesa, ile ambayo serikali inaipiga marufuku na sisi tunaishona, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine, gunia likasimamishwa bafuni, likakalishwa juu ya choo, mlango ukafungwa kwa kamba. Kitonga tulipanda nyuma ya lori la simenti kwa mwendo wa mazishi, na juu kabisa upepo wa baridi ulipoingia dirishani nilifunga macho nikashukuru.

Shangazi alitupokea vizuri mno. Tulipomaliza kula akasema anataka kuiona hiyo nyumba. Akavua kandambili mlangoni mwa gari, akaingia. Akabonyeza kitanda. Akagusa jiko. Akafungua mlango wa bafu, akaona gunia, akaona gunia limekalia nini, akapima kwa macho: kutoka choo hadi jiko, hatua moja. Shemeji alikuwa anaeleza mambo ya tangi na pampu. Shangazi akamshika bega.

"Mwanangu, Marekani kodi ya nyumba imepanda kiasi hicho?"

Shemeji akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Shangazi akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, akambana nayo kiganjani.

"Ya kuanzia," akasema.