Ogopa Kamera Isiyomulika

Msyuu! Jamani, nchi za watu hizi. Jamaa mmoja hapa Barking, London, kafunga breki ghafla kwenye taa ya kijani, basi la nyuma nusura limpande mgongoni. Kisa? Kaona kijidude cheusi juu ya taa, kakidhania kamera. Bwana wee, kile kazi yake ni kutambua kwamba kuna gari linasubiri, ili taa zibadilike. Hakina habari na namba yako. Halafu huyohuyo, hatua chache mbele, kajitupa kwenye njia ya mabasi huku anapiga mluzi, chini ya kamera yenyewe hasa. Mnh!

Ndiyo shida yetu. Tumezoea tochi za kwetu: trafiki kajibanza kichakani, dereva anayekuja anakuwashia taa, unapunguza mwendo, unapita na salamu juu. London nani akuwashie? Jifunze mwenyewe kutofautisha, au ulipe ada ya ujinga.

Anza na boksi la njano lililokaa kando ya barabara, Gatso. Kila mtu analitukana, mimi nalitetea. Baba yake ni Mholanzi Maus Gatsonides, dereva wa mashindano aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Na mashine yenyewe aliibuni apime mwendo wake kwenye kona, apate kukimbia zaidi! Leo tunabanwa sisi tunaowahi shifti. Hapa Uingereza ilianza kuwekwa 1992, pale Twickenham Bridge, magharibi ya London. Inakupiga picha kwa nyuma, inamulika mara mbili, na ile mistari midogo myeupe barabarani inaonyesha umekwenda umbali gani kati ya picha na picha. Ubishi kwisha.

Ipo na Truvelo, ya Afrika Kusini. Hii inakupiga usoni, haina mwanga wa kukushtua, na sura yako inatoka vizuri. Usije ukasema aliyeendesha alikuwa shemeji.

Tatu, zile za njano zilizopachikwa juu ya milingoti: moja inasoma namba yako unapoingia, nyingine unapotoka, kisha inapigwa hesabu ya wastani. Tower Bridge mwendo ni maili 20 kwa saa, na kamera za kusoma namba zinakupima hivyohivyo. Nyie mafundi wa kunyata mbele ya kamera na kukanyaga mafuta ukishaipita, hapo hamna lenu.

Lakini hizo zote, nasema, zina adabu. Serikali yenyewe iliamua mwaka 2001 kamera za mwendo zipakwe njano ili zionekane. Mtu kakupigia hodi, wewe ukaacha mlango wazi, utamlaumu nani?

Wa kuogopa ni hawa wa kijivu na weusi. Hawamuliki wala hawalii. Kuna wanaolinda njia ya mabasi. Kuna wanaolinda ule mraba wenye mistari ya njano iliyokatizana pale njia panda: ukiingia kabla nafasi ya kutokea haijapatikana, ukakwama katikati, umekwisha, hata kama mwendo wako ni wa kinyonga. Na kuna wa ULEZ, ule ukanda wa kutoza magari yenye moshi mchafu, hao shida yao si mwendo kabisa, ni moshi. Oktoba 2021 ukanda ulifika barabara ya North Circular. Sisi wa Barking, ng'ambo ya pili, tukawacheka wenzetu. Tarehe 29 Agosti 2023 ukatufuata mpaka mlangoni. Dizeli yako isipofikia kiwango cha Euro 6, ni pauni 12.50 kwa siku, usiku na mchana, mapumziko ni Krismasi tu. Usipolipa kufikia saa sita usiku ya siku ya tatu baada ya safari, faini ni pauni 180. Ukiwahi ndani ya siku 14, ni 90.

Hapo kuna mmoja lazima adakie: "Yote wizi, kamera ni kamera!" Aka! Soma barua imetoka kwa nani. Ikitoka polisi, ni mambo ya mwendo au taa nyekundu: faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni, au ukibahatika unapelekwa darasani. Ukifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu, unafungiwa. Na wewe uliyepata leseni ya hapa juzijuzi, ndani ya miaka miwili ya mwanzo 6 tu zinatosha kukurudisha kwenye mtihani. Barua ya halmashauri au ya mamlaka ya usafiri ya jiji haina pointi. Yenyewe inataka hela.

Na hela hizo zinaelekea wapi? Faini ya mwendo inakwenda hazina ya serikali kuu. Ya njia ya mabasi inabaki kwa halmashauri yenyewe iliyoweka kamera. Sasa niambie: kati ya anayekukamata bila kubakiwa na senti ya faini na anayekukamata akatia kibindoni, nani atakesha akikutazama? Halafu mtu unaogopa boksi la njano! Msyuu!